Nyota akiondoka, ghalani kutabaki nini?

KILA mwaka ifikapo Agosti na Septemba, mikorosho ikiwa na maua na wenye mashamba wakimalizia kupuliza dawa, wafanyabiashara wa Masasi na Newala huulizana swali moja: msimu huu bei itakuwaje? Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anataka kujua alete bati ngapi kutoka Dar es Salaam. Mwenye lori anataka kujua kama akope tairi mpya. Mwenye akiba ndogo benki anapima kama anunue kiwanja, achukue mikorosho ya jirani kwa rehani, au aziache fedha zikae zilipo.

Swali la bei ni halali, ila hakuna mwenye jibu lake katika wilaya hizi. Bei ya korosho ghafi huamuliwa na wanunuzi wa nje, hasa wa India na Vietnam, ambao huja wanapoona faida na kuondoka wanapoona hasara. Lipo swali jingine ambalo mfanyabiashara anaweza kulijibu mwenyewe, nyumbani kwake, kwa kalamu na karatasi: anatoa nini ili ampate mgeni huyu wa msimu mmoja, na mgeni akiondoka yeye anabaki na nini?

Hesabu ya namna hiyo imepata kufanywa hadharani, dunia nzima ikitazama, na matokeo yake sasa yanajulikana mwanzo hadi mwisho. Ilifanywa katika mpira wa kikapu wa Marekani, ligi ya NBA, mwaka 2018 na 2019. Waliofanya ni wawili, mmoja baada ya mwingine, na kwa mchezaji yuleyule. Mmoja aliipata sawasawa. Wa pili aliikosea kwa gharama ambayo ilichukua miaka sita kuonekana yote.

Aliyeipata ni Masai Ujiri, mtu aliyekulia Zaria, Nigeria, baba yake Mnigeria na mama yake Mkenya. Mwaka 2013 alikabidhiwa uongozi wa timu ya Toronto Raptors ya Kanada. Timu ilikuwa nzuri, tena nzuri sana. Msimu wa 2017/18 ilishinda mechi 59 kati ya 82. Tatizo ni kwamba kila ilipofika hatua ya mtoano ilikutana na Cleveland ya LeBron James. Mwaka 2016 ilitolewa, 2017 ikatolewa bila kushinda hata mechi moja, na 2018 vilevile.

Nyota wa Toronto wakati huo alikuwa DeMar DeRozan. Timu ilimchagua akiwa kijana mwaka 2009, mwaka uleule ambao Mtanzania Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili na Memphis, mbele ya James Harden na Stephen Curry. (Memphis walinunua urefu. Haukupita hata mwaka wa pili wakamtoa kwenda Houston, na hasara ile waliibeba wao wenyewe.) DeRozan aliipenda Toronto na Toronto ikampenda. Mwaka 2016 alitia saini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 139. Kwa lugha ya sokoni, alikuwa mali ya uhakika: hahami, haumwi mara kwa mara, na kila msimu analeta kilekile.

Kilekile hicho ndicho kilichokuwa tatizo.

Upande wa pili, San Antonio, alikuwapo Kawhi Leonard. Huyu alikuwa ametwaa ubingwa mwaka 2014 na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali. Lakini msimu wa 2017/18 alicheza mechi 9 tu kwa sababu ya jeraha la paja, akakosana na timu yake kuhusu matibabu, na akataka kuondoka. Ilifahamika kote kwamba moyo wake uko Los Angeles, karibu na alikokulia. Mkataba wake ulimruhusu kuwa huru katikati ya mwaka 2019. Kwa hiyo yeyote aliyemchukua alijua ananunua msimu mmoja, tena wa mchezaji ambaye hakuna aliyejua kama paja lake limepona.

Julai 2018 Ujiri alifunga biashara hiyo. Alimtoa DeRozan, akamtoa Jakob Poeltl, kijana mrefu kutoka Austria, na kuongeza haki ya kuchagua kijana mmoja katika raundi ya kwanza mwaka 2019. Akapokea Leonard pamoja na Danny Green. Mashabiki wa Toronto walikasirika. Mtu mwaminifu wa miaka tisa ametolewa ili aje mgeni ambaye hata mabegi yake hatayafungua!

Waliokasirika walitazama nani anaondoka na nani anakuja. Mfanyabiashara angeangalia pia nani hakutajwa. Pascal Siakam wa Kameruni, aliyepatikana kwa namba 27 mwaka 2016, hakuwamo katika mzigo uliotolewa. Wala Fred VanVleet, wala OG Anunoby, wala Kyle Lowry. Hawa ndio waliokuwa mbegu na shina la timu. Na ile haki ya raundi ya kwanza iliwekewa sharti: ikiangukia kati ya namba 1 na 20, inabaki Toronto. Maana yake ni hii. Kama biashara ingekwenda vibaya, Leonard akaumia na timu ikaporomoka, haki hiyo ingekuwa na thamani kubwa, na kwa sababu hiyo isingetoka. Ingetoka tu kama mambo yangekwenda vizuri, yaani wakati ambapo thamani yake ni ndogo. Mwishowe iliangukia namba 29.

Muda nao ulihesabiwa. Wiki chache kabla ya biashara hiyo LeBron James alikuwa amehama Cleveland kwenda Los Angeles Lakers, upande wa Magharibi wa ligi. Njia ya Mashariki ilikuwa wazi kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nyota wa msimu mmoja ana maana katika msimu ambao mlango uko wazi. Angeletwa mwaka 2016, huenda angetolewa na Cleveland kama wengine.

Juni 13, 2019 Toronto iliifunga Golden State na kutwaa ubingwa, wa kwanza kwenda katika timu ya Kanada. Leonard akawa mchezaji bora wa fainali. Wiki tatu baadaye akaondoka kwenda Los Angeles Clippers, kama ilivyotabiriwa. Je, Toronto ilianguka? Msimu uliofuata, bila yeye wala Green, ilishinda mechi 53 kati ya 72 katika msimu uliokatwa na ugonjwa wa korona. Ilikuja kuporomoka baadaye kwa sababu nyingine, na Ujiri mwenyewe si malaika wa hesabu: mwaka 2023 alimwacha VanVleet aende Houston bila timu kupata chochote, na mwaka 2025 yeye naye akaondoka Toronto.

Yapo maneno kwamba Toronto ilibahatika. Bahati ilikuwamo, wala haifichiki. Katika mchezo wa saba dhidi ya Philadelphia mpira wa mwisho wa Leonard ulidunda mara nne kwenye chuma cha kikapu kabla ya kuingia. Golden State nao walipoteza watu wao wakubwa kwa majeraha katika fainali. Lakini biashara hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ya kutia saini. Mpira ule ungetoka nje, Toronto ingekuwa bado na Siakam, VanVleet, Anunoby na Lowry, haki zake za miaka ya mbele zikiwa mkononi, na mzigo wa mkataba mkubwa wa DeRozan ukiwa umetoka mabegani. Ingekosa kombe, lakini isingefilisika.

Sasa waangaliwe Clippers.

Leonard alipokuwa huru Julai 2019 hakuhitaji kununuliwa. Alihitaji mshahara na mwenzake wa kucheza naye, na mwenzake aliyemtaka ni Paul George wa Oklahoma City. Clippers, wakiogopa kumkosa, walilipa. Walimtoa Shai Gilgeous-Alexander, kijana wa miaka 20 aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu. Walimtoa Danilo Gallinari. Wakatoa haki tano za raundi ya kwanza na nyingine mbili za kubadilishana nafasi, zilizotandazwa hadi mwaka 2026. Magazeti ya Marekani yaliwatabiria ubingwa kabla hata ya mazoezi kuanza.

Mwaka 2021 walifika fainali ya Magharibi kwa mara ya kwanza katika historia yao, na hilo lisipuuzwe. Lakini goti la Leonard lilikuwa limekwisha umia kabla ya hapo, akakosa msimu wote wa 2021/22. Mwaka 2024 George akawa huru, akaenda Philadelphia bila Clippers kupokea mchezaji wala haki yoyote. Wakati huohuo Oklahoma City ilikuwa ikivuna. Kwa haki mojawapo iliyotoka Clippers ilimchagua Jalen Williams mwaka 2022. Shai akawa mchezaji bora wa ligi nzima mwaka 2025, na Juni ya mwaka huo Oklahoma City ikatwaa ubingwa, vijana hao wawili wakiwa ndio nguzo.

Nyota alikuwa mmoja katika biashara zote mbili, na hatari ya kuumia au kuondoka ilikuwa ileile. Toronto ililipa kwa mali iliyokwisha onyesha ukomo wake. Clippers walilipa kwa mti mchanga na mavuno ya miaka saba.

Wapenzi wa kandanda hapa nyumbani wanaijua hesabu hii kwa majina mengine. Yanga ilimpata Fiston Mayele kutoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021, ikafaidi mabao yake misimu miwili, ikamuuza Pyramids ya Misri mwaka 2023. Simba ilimuuza Clatous Chama kwa RS Berkane ya Morocco mwaka 2021, ikamrudisha Januari 2022, kisha ikauacha mkataba wake ufike mwisho mwaka 2024. Akavuka mtaa kwenda Yanga, na Simba haikuwa na cha kumuuzia. Vijiweni watu walibishana nani msaliti. Mkataba unaokaribia kwisha hauna usaliti ndani yake. Una tarehe tu, na tarehe hiyo ilikuwa imeandikwa tangu mwanzo.

Kwa Masasi na Newala, nyota ni bei kubwa. Msimu wa 2017/18 ulimleta. Nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 300,000, na katika minada bei ya kilo moja ilivuka shilingi 4,000. Kwa mkulima ilikuwa kama ndoto. Nyumba za bati zikainuka, pikipiki zikanunuliwa, na maduka yakauza kuliko yalivyopata kuuza. Mfanyabiashara aliyefunga hesabu Februari 2018 alikuwa na kila sababu ya kuagiza mara mbili kwa ajili ya msimu unaofuata.

Msimu uliofuata nyota hakuja. Oktoba 2018 wanunuzi walitaja bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000, na wakulima katika minada ya kwanza ya Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Novemba 12, 2018 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na kwamba jeshi litazisomba. Wanunuzi binafsi wakakaa pembeni. Malipo yakaanza kutoka baada ya uhakiki wa wakulima na mashamba yao, na wengi walisubiri hadi ndani ya mwaka 2019. Januari 2019 kampuni moja ya Kenya ikatia saini kununua tani 100,000. Miezi michache baadaye mkataba huo ukafa.

Kuhusu nani alikuwa na haki katika sakata lile, kila mtu ana lake. La kutazamwa hapa ni karatasi za mwenye duka. Bati alizoleta kwa mkopo zilikuwa dukani. Wateja wake walikuwa na korosho ghalani, stakabadhi mkononi, na mfukoni hawana kitu. Akikataa kukopesha, hauzi. Akikopesha, anageuka benki isiyokuwa na mtaji. Riba yake mwenyewe ilikuwa ikitembea kila mwezi, kwa kuwa riba haisubiri uhakiki.

Lakini wafanyabiashara wote hawakuumia sawa, na tofauti yao inafanana sana na ile ya Toronto na Clippers. Aliyeagiza mara mbili kwa faida ya msimu uliopita alipoteza faida hiyo, akabaki na duka na bati zisizooza. Aliuza polepole hadi msimu mwingine. Aliyeweka nyumba dhamana ili aagize mara mbili alijikuta anazungumza na benki kuhusu nyumba. Wote wawili walikisia bei vibaya kwa kiasi kilekile.

Mwaka mmoja kabla yake mbaazi zilikuwa zimetoa onyo. India ndiye mnunuzi mkubwa wa mbaazi za kusini, na Agosti 2017 ikaweka ukomo wa kuingiza mbaazi kutoka nje. Bei ikaanguka vibaya. Mkulima aliyezipanda katikati ya mahindi na mihogo alisikitika, akazila, na shamba likaendelea. Aliyeumia ni mchuuzi aliyejaza ghala kwa fedha za kukopa akingoja meli.

Wazee wana kumbukumbu ndefu zaidi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Serikali ikaona nyota amekuja kukaa, ikajenga viwanda 12 vya kubangua, Masasi na Newala vikiwamo, kwa mikopo ya nje. Wakati huo watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Vingi vya viwanda hivyo vilikaa bila kazi na vingine vikageuka maghala. Mkopo wa kiwanda huhesabiwa kwa miaka mingi, lakini mavuno yaliyotarajiwa kuulipa yalikuwa yakipungua kila mwaka hata kabla mashine hazijafungwa zote.

Mahali ambapo kosa la Clippers hurudiwa zaidi juu ya uwanda wa Makonde, tena kimyakimya, ni katika rehani ya mikorosho. Mwenye mikorosho anahitaji fedha za haraka: mtoto amepata nafasi ya shule, mgonjwa yuko hospitali, au jando na unyago vimekaribia. Anaita shahidi, anamkabidhi mwenye fedha miti yake kwa misimu miwili, mitatu, pengine zaidi. Fedha anayopokea hupimwa kwa shida yake ya siku ile, na mara nyingi shida hutokea katika miezi ya kiangazi cha mfuko, mbali na mnada. Baada ya hapo bei ikipanda, inapanda kwa mwenzake. Hana tofauti na timu iliyogawa haki tano za raundi ya kwanza, ila yeye hakupata hata nyota wa kumtazama.

Mwenye fedha naye asidhani amepata mali ya bure. Amenunua mchezaji wa mkopo. Ubwiriunga ukiingia, salfa ni yake. Mnada ukisimama, kusubiri ni kwake. Mwenye miti akifariki, ndugu wa ukoo, hasa wajomba, wanaweza kuja na maelezo yao kuhusu nani alikuwa na idhini ya kuweka miti ile rehani. Na kwa kuwa atairudisha, hana hamu ya kupogolea, kung'oa miti mizee wala kupanda mipya. Misimu mitatu ikiisha, mwenyewe anarudishiwa shamba lililochoka. Mkorosho unaweza kuzaa kwa miongo kadhaa ukitunzwa; ukikamuliwa na mtu mwenye misimu mitatu tu, hasara inakuwa ya wote.

Rehani haitakwisha kwa kukemewa, maana shida hazikemewi. Inaweza kuandikwa vizuri zaidi, na hapa sharti la Toronto lina kazi. Kama ile haki ya kuchagua kijana ilibaki nyumbani ilipokuwa na thamani kubwa, kwa nini karatasi ya rehani isiseme kwamba bei ya mnada ikivuka kiwango fulani, ziada igawanywe, au misimu iliyobaki ipunguzwe mmoja? Mwenye fedha atapunguziwa faida katika mwaka wa neema tu, mwaka ambao tayari ameshiba. Mwenye miti atabaki na sababu ya kuyachunga mashamba na kumlinda mwenzake dhidi ya madai ya ukoo. Hata idadi ya miti itakayopogolewa kila mwaka inaweza kuandikwa. Yote hayo hayahitaji zaidi ya karatasi, mashahidi na ofisi ya kijiji.

Rehani isichanganywe na kangomba, ambako mavuno yenyewe hununuliwa yakiwa bado maua, kwa kipimo cha mnunuzi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie Mtwara msimu wa 2007/08, korosho hupita chama cha msingi na mnada. Katika uhakiki wa 2018/19 waliopeleka mzigo mkubwa walitakiwa kuonyesha mashamba ulikotoka. Mwenye kangomba huyo alibeba hatari ya bei na hatari ya sheria kwa pamoja, na ya pili haikuwa na ukomo wa hasara.

Yapo mawazo ya upande mwingine, nayo yana uzito. Mwenye kuogopa nyota atakaa na DeRozan wake hadi uzee, akishinda mechi 50 kila mwaka na kutolewa palepale. Katika wilaya hizi fedha taslimu hutembea kwa miezi michache tu, kuanzia Oktoba. Duka lenye rafu tupu mwezi Novemba limekula hasara, ingawa hasara hiyo haiandikwi popote. Oktoba 2024 bei katika minada ya kwanza zilivuka tena shilingi 4,000, na wale waliokuwa wameapa tangu 2018 kutoagiza mzigo mkubwa walibaki kuwaangalia wenzao wakiuza.

Kwa hiyo nyota achukuliwe. Achukuliwe kwa faida ya msimu uliopita, si kwa mtaji wa duka. Achukuliwe kwa bidhaa ambazo mteja atazihitaji hata kama bei imelala: saruji, chumvi, sukari, sabuni, sufuria. Magodoro ya bei kubwa na televisheni yaje kwa idadi ambayo yakibaki hadi Mei hayatamzuia mtu kulipa kodi ya fremu. Mwenye lori lililokwisha lipwa anaweza kubahatisha zaidi ya mwenye lori la benki, kwa kuwa lake likikosa korosho litabeba mihogo, ufuta au mbao. Na mwenye akiba ndogo anayetaka kuingia katika korosho kwa mara ya kwanza angefanya vizuri kununua miche bora na kipande cha shamba kuliko kununua msimu wa mtu mwingine, hata kama itambidi angoje miaka mitatu au minne kabla ya kuona gunia la maana.

Mikopo ya msimu ndiyo inayobaki kuwa ngumu, kwa kuwa wengi hawana faida ya mwaka jana ya kutosha. Atakayeletewa karatasi ya benki mwezi Septemba asome kwanza mahali palipoandikwa dhamana, kisha tarehe ya rejesho la kwanza. Ikiwa dhamana ni mzigo wenyewe au lori, mazungumzo yanaweza kuendelea. Ikiwa ni nyumba anayolala watoto wake, apunguze mkopo hadi ufikie kiasi ambacho lori au mzigo vinakitosha. Na kama rejesho la kwanza limewekwa Desemba, ilhali malipo ya wakulima yamepata kuchelewa hadi mwaka uliofuata, aombe lisogezwe hadi Machi. Benki ikikataa, aagize bati nusu.